Sajini Grisi Anakwenda Nyumbani

Kwa miaka ishirini na tisa, gari lolote la kikosi hiki lililogoma kuwaka liliishia mikononi mwa mtu mmoja. Tarehe thelathini mwezi huu mtu huyo, sajini fundi mkuu wa karakana yetu, anastaafu. Sote tunamwita Grisi, na mwenyewe huitika.

Alikuwa akitega sikio juu ya injini huku anatafuna karanga, na kabla karanga hazijaisha ameshajua ugonjwa. Kapteni mmoja aliyezoea kuunguza klachi aliambiwa kwa heshima zote: “Afande, gari halina ubaya. Linakuogopa tu.”

Kisha akaenda kulinda amani, akiendesha gari la kuvuta mabovu. Huko, lori lililomtangulia lilikanyaga bomu la ardhini. Ndani walikuwemo vijana wawili wa karakana hii. Grisi na dereva mwenzake ndio waliowatoa, wakiwa wameshakata roho.

Waliporudi, dereva alijitumbukiza kwenye pombe. Grisi alijitumbukiza kwenye kazi. Likizo hakutaka kuisikia. Alfajiri tulimkuta amelala kwenye boksi chini ya lori. Tukasema huyu ndiye mchapakazi, tukamtunukia cheti na saa ya ukutani.

Siku ya kumtuza, shemeji yetu, mkewe, aliombwa aseme neno.

“Asanteni kwa saa,” alisema. “Lakini nirudishieni mume wangu. Nyumbani mlango ukibamizwa anaingia chini ya kitanda, watoto wanamwangalia. Huku karakanani injini zinamfunikia kelele za kichwani. Mnampigia makofi mtu anayekimbia.”

Grisi aliangalia viganja vyake.

Mkuu wa kikosi alimwelekeza kwa muuguzi wa afya ya akili. Akakataa, eti yeye si kichaa. Mwaka haukuisha, dereva mwenzake akafa kwa pombe. Makaburini Grisi alilia kwa sauti mpaka tukamshika. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa muuguzi.

Haikuwa rahisi. Kuisimulia siku ile ya bomu kidogo kidogo kulimzidishia jinamizi kabla ya kulipunguza. Lakini alianza kutoka kazini jua lingali juu. Tukamwona sokoni na shemeji, amebeba kikapu, anabishana bei ya nyanya.

Nyuma ya stoo akaweka benchi. Wanaorudi kutoka vitani humkuta hapo, huwapa kitu cha kufungua na kufunga huku wanaongea. “Kazi ni nzuri,” huwaambia. “Ila ukiona huwezi kukaa bila kazi, njoo tuzungumze.” Wapo walio hai leo kwa sababu ya benchi lile, na wao wanajijua.

Shemeji aliugua, na msimu wa mvua uliopita tukamzika. Wiki iliyopita, akinikabidhi funguo za karakana, Grisi aliniambia: “Nilipokuwa naogopa kwenda nyumbani, alikuwepo ananingoja. Sasa siogopi tena, naye hayupo.” Nilikaa naye tu.

Binti yake mkubwa amehamia pale na wajukuu, ili nyumba isiwe tupu.

Afande Grisi, asante kwa magari, na zaidi kwa watu. Mungu akupe usingizi mtulivu na siku nyingi za kuwabeba wajukuu. Jumamosi tutakuja kukaa nawe, wala hatutaleta gari bovu.