Mwanashani Hajafika Kwao: Kumuaga Bi Mwanamkasi binti Uweso

Tanga, 23 Novemba 1957

Mimi, Praxeda wa darasa la nane, nimepewa na Mwalimu Bibiana kazi ya kuandika habari za kusomwa siku ya kumuaga dobi wetu. Nimeahidi kusema yote, hata lile linalonihusu mwenyewe.

Bi Mwanamkasi binti Uweso anastaafu Jumamosi ijayo, tarehe 30, baada ya kufua na kupiga pasi nguo za bweni letu kwa miaka ishirini na sita. Alianza mwaka 1931, akija kwa miguu kutoka Nguvumali kila asubuhi, shule ilipokuwa na wasichana kumi na wanane na pasi moja. Sasa tuko mia na kumi, na pasi ni mbili. Masika moja mvua ilipokataa kukatika, alianika magauni darasani, na wasichana wakafanya hesabu huku mikono ya magauni ikiwadondoshea maji madaftarini.

Lakini tunampenda kwa jambo jingine. Kila Jumamosi alasiri hutia makaa ya vifuu vya nazi ndani ya pasi, na hapo hadithi huanza. Huendelea kadiri pasi inavyokuwa na moto. Akifungua kifuniko akakuta majivu, hunyamaza palepale, hata kama mtu ananing'inia jabalini, nasi hungoja wiki nzima. Tukimsihi, hutuuliza kama tunataka amalizie hadithi kwa pasi baridi.

Ya mwaka huu ni ya Mwanashani, binti asiye na kivuli, wa mama jini na baba mchimba visima. Mwanzoni alikuwa mtundu tu, akizima taa za watu kwa kuzitazama, kisha akicheka. Visima vya nchi ya baba yake vilipokauka, aliitwa akasaidie. Alikataa, akajificha mtungini siku tatu. Kisha akaenda. Kila alipotoa sehemu ya uwezo wake wa kijini kumwokoa mtu, kivuli chake kiliota kidogo, kwanza vidole, kisha miguu, hata kikatimia.

Rafiki yangu Sabiha hunicheka kwamba naipima hadithi kama kitambaa. Ila nimeona kuwa watu wote wa Bi Mwanamkasi hupita njia moja: huitwa, hukataa, huondoka, hujaribiwa, hubadilika, kisha hurudi kwao. Mwanashani amepita kote, isipokuwa pale pa mwisho.

Na kosa ni langu. Tarehe 19 Oktoba Mwanashani alifika mlangoni kwa mama yake, na moto ulikuwa unafifia. Bi Mwanamkasi alipogeuka kuchukua nguo nyingine, nilishindilia makaa ya moto ndani ya pasi mpaka kifuniko kikakataa kufunga. Alipoipitisha tena, pasi ikaacha alama ya kahawia kifuani pa gauni jeupe la Mwalimu Bibiana, alilolitayarisha kwa harusi ya dada yake. Bi Mwanamkasi alimwambia limeungua mkononi mwake. Nami nilisimama nyuma yake, nikanyamaza.

Tulipobaki wawili, aliniambia neno moja tu.

"Una haraka gani, mwanangu? Huyu akishafika kwao, nawe utaondoka."

Leo ni Jumamosi ya tano anapiga pasi bila hadithi. Wenzangu wanadhani amechoka. Hajachoka. Mwalimu, gauni niliunguza mimi. Jamani, hadithi yenu nimeikatiza mimi.

Haraka niliyokuwa nayo ni hii. Januari nakwenda kusomea ualimu, mbali na kwetu Amani. Nilipopata barua ya kukubaliwa, mama alisema nitarudi mtu mwingine. Alisema akicheka, lakini tangu hapo nikikaa nasimama, nikisimama nakaa.

Bi Mwanamkasi, shikamoo, na ahsante kwa kila kola iliyonyooka. Nenda Muheza kwa binti yako Mwamvua, ule machungwa ukiwa umekaa, na mikono yako ikae mbali na moto. Tunakuombea siku nyingi zenye afya na kicheko. Ila nakuomba uniandikie kwa posta ya kwanza, kwa herufi zako za Kiarabu, Sabiha atanisomea: mama yake Mwanashani alipofungua mlango akaona mtu mwenye kivuli, alimtambua?