Bi. Eirlys na Koti la Glyn Bucha

Miaka thelathini na moja imetosha. Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bi. Eirlys Probert anaivua kidoleni kastabani yake ya kushonea na kustaafu kazi ya chumba cha mavazi ya maigizo katika Ukumbi wa Wachimba Makaa, mjini kwetu Cwm Eithin. Kamati ilimwomba mwalimu aandike haya, akasema ana shughuli. Wakanijia mimi, Rhodri Mdomo, niliyeichoka shule kabla haijanichoka. Bahati yao.

Ukumbi wetu haujawahi kuwa na fedha za mavazi. Bi. Eirlys alianza kwa kupiga pasi pazia, kisha akaanzisha sheria yake: nguo haishonwi kama ipo kabatini kwa mtu. Hupiga hodi, hunywa chai, hutoka na koti. Bondeni kwetu kumnyima ni aibu kubwa kuliko kukoroma kanisani. Na ukishatoa nguo, lazima uje kuitazama ikiigiza. Mfalme wetu mmoja alitawala akiwa amevaa joho la kuogea la daktari wa meno, na daktari alilipigia makofi kila lilipoingia jukwaani. Mfalme mwenyewe hakupigiwa.

Lakini kazi yake kubwa ni ya mwaka juzi.

Ieuan Taa, fundi wetu wa taa, alipigwa na vijana wawili nje ya duka la chipsi kwa sababu anapenda wanaume wenzake. Walimvunja taya. Walifungwa, ila mji haukutulia. Kuna waliowasha mishumaa pale dukani. Kuna waliosema, kwenye foleni ya bucha, kwamba alijitakia, na Glyn Bucha ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote. Waliobaki walisema tusiyazungumze, na hao ndio waliomuumiza Ieuan zaidi. Akahamia mji wa Cardiff kwa dada yake, funguo za chumba cha taa akamwachia Bi. Eirlys.

“Sirudi,” alimwambia. “Sijui nani ananisalimia na nani ananicheka.”

Tukatunga mchezo wa yaliyompata, kwa maneno yaleyale ya mji, kwa ruhusa ya Ieuan. Akaahidi kuja siku ya kwanza. “Wakija wanaonipenda peke yao, basi, tumeagana.”

Na nusu ya mji ilikuwa imeapa haiji.

Bi. Eirlys akachukua kikapu, akaenda kwenye milango ya walioapa tu.

“Glyn, naomba koti lako la Jumapili.”

“La mchezo ule? Eirlys, usinitanie. Nimeshasema siji.”

“Nani kakualika? Nimeomba koti.”

“Ukilichukua itanilazimu nije!”

“Hayo ni yako na koti lako. Chai yako haina sukari, bwana.”

Akatoka nalo. Akatoka na nguo kila nyumba. Siku ya kwanza viti vilijaa, nusu ya watu wakiwa wamekunja mikono kama wanasubiri kung'olewa jino.

Koti la Glyn awali lilikuwa langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeigiza mtu wa kwenye foleni, na niliigiza vizuri hadi shangazi yangu akaninunia wiki nzima. Ila lilinimeza. (Koti lilishonwa vibaya, mimi sina tatizo.) Bi. Eirlys akalihamishia kwa Hefin, aliyeigiza baba yake Ieuan. Mpaka leo Bi. Eirlys anaapa ni mambo ya vipimo tu.

Basi Glyn, mstari wa tatu, akaliona koti lake, lile la harusi ya mwanawe, limekaa kando ya kitanda cha hospitali. Hefin akalivua, akamfunika nalo mwanawe mgonjwa. Glyn akakunjua mikono.

Tusidanganyane: kuna walioondoka wakati wa mapumziko, na mpaka leo wapo wanaovuka barabara wakimwona Ieuan. Lakini mchezo ulipokwisha Glyn alikuja chumba cha mavazi, akamkuta Ieuan humo.

“Umemvisha mtu mwingine koti langu, Eirlys. Mimi ndiye niliyesema yale ya kwenye foleni.”

“Najua ulichosema. Nilikuwa kwenye foleni.”

Glyn akamgeukia Ieuan.

“Hilo taya linatafuna nyama?”

“Ikiwa laini.”

“Pita Jumamosi. Pita mbele, foleni ikuone.”

Ieuan alipita. Jumatatu yake Bi. Eirlys alimwaga mezani kopo la vifungo alimozificha funguo za chumba cha taa, akampa.

Bi. Eirlys, asante kwa kila mshono, na kwa matusi uliyonitukana nilipokalia sindano zako. Pumzika, lima maua, lala mchana. Ila usijisahau: wiki iliyopita mimi na Ieuan tulikuja kwako, tukanywa chai, tukatoka na koti lako la kijani. Linaigiza Novemba. Sheria ni yako mwenyewe. Kiti chako kipo mstari wa tatu, jirani na Glyn, na taa atawasha Ieuan.