Rimu Mbili za Fuso Moja

Wewe unayesoma hapa, umewahi kumpigia makofi papa wa plastiki huku unaiona kabisa zipu ya tumbo lake? Sisi tumempigia. Alhamisi iliyopita, saa tisa alasiri, mvua ikitwanga bati, tulikuwa watu arobaini ndani ya banda la video la Jafari. Saa hiyo hiyo mlima ulishuka kitongoji cha juu, ukafukia nyumba tatu na kumuua Bibi Raheli. Leo ni Jumanne. Tuko kwenye benchi nje ya banda lile lile, kandokando ya barabara ya Mlola, na mzee Mosi anatumiminia kahawa. Saa kumi Hassani, aliyekuwa zamu ya kuulinda ufa uliofunguka mlimani, anaingia ofisi ya kijiji kujibu barua inayosema hakupiga rimu ya gari, kengele yetu ya hatari. Akishindwa kujieleza, anakwenda polisi. Mimi hapa wananiita Digrii, na si kwa heshima. Nina shahada ya jiolojia, sina kazi, kwa hiyo muda wa kukaa na wapumbavu ninao, na mimi mwenyewe nimo kwenye hesabu.

Hizo rimu ni mbili, zimetoka kwenye Fuso moja, lori la mbao lililopinduka kona za Soni. Aliyezifungua ni Valentino, fundi pikipiki tunayemwita Injinia. Moja aliipa kamati ya maafa, ikatundikwa kwenye mparachichi kule juu: mwenye zamu akiona udongo unasogea apige mfululizo, walio chini ya ufa wakimbie, na sisi wa barabarani tupande na majembe. Ya pili alimpa Jafari. Jafari anatafsiri filamu kwa maiki, lugha ya filamu yenyewe haijui, na kila papa anapokaribia anagonga rimu yake, ngang, ngang, ngang, watu wanapagawa.

— Mimi nasema ni kutu, akaanza Valentino. Chuma kikilala na mvua wiki mbili kinashikwa na mafua. Unakipiga, kinakohoa tu.

— Cha humu ndani mbona hakikohoi, Injinia? nikamuuliza.

— Cha ndani kinalala pakavu, kaka. Huko chuo mlisoma nini?

— Hakuna cha kutu, akadakia Dula, muuza mitumba, mtu wa methali ambazo hazijawahi kukutana na maana zake. Ni ukungu. Ukungu wa huku unakunywa sauti. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo na ukungu wapi na wapi?

— Unakunywa kidogo kidogo. Tumia akili, msomi.

Jafari alikuwa ameinamisha kichwa, anakizungusha kikombe.

— Upepo, akasema. Sauti ilitoka vizuri tu, ikavuka mabonde ikaangukia Gare. Kule wakadhani kengele ya kanisa, wakapiga ishara ya msalaba. Nendeni mkaulize.

— Wewe umeuliza?

— Mimi natoa nadharia, Digrii. Si ndivyo mnavyofanya nyie?

Mzee Mosi akaongeza mkaa chini ya birika.

— Nyie wanangu, yule samaki wenu mwisho wake alikufaje? Mimi nilisinzia alipomla bwana harusi.

Basi. Ungeona tulivyoamka! Filamu mbovu ina utamu wake wa wizi, kama kulamba sukari jikoni mama akiwa shambani.

— Hakufa, baba! Valentino akaruka. Alitoka kwenye bwawa la kuogelea akapanda ngazi za hoteli! Ghorofa nne, na lifti ipo!

— Na jicho moja limebanduka, linaning'inia na gundi.

— Akambishia hodi mwenye hoteli, akasema Jafari, na ile sauti yake ya papa ikamtoka yenyewe, ya Kitanga cha kuvuta: "Mwenyewe yupooo? Nimekuja kulala, lakini usitandike."

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni! akapiga kelele Dula.

Tukacheka. Nami nilicheka, machozi yakanitoka. Halafu kila mmoja akakumbuka kwamba hizo ngazi tumeziona zote, moja baada ya moja, mpaka maandishi ya mwisho yakapanda kwenye kioo. Tulipotoka nje tulikuta mbuzi wa Bibi Raheli amesimama barabarani peke yake, tope mpaka shingoni. Tulipanda na majembe. Tulichelewa.

— Jafari, nikasema. Papa alipofika ghorofa ya tatu, mkononi ulishika nini?

— Maiki.

— Na mkono wa pili?

— Chupa ya maji. Digrii, acha.

— Na rimu ilikuwa inalia.

— Nimesema acha, bwana!

— Huo ulikuwa mwangwi, akasema Dula haraka haraka. Mlima unahifadhi sauti. Unaiweka, unakuja kuitoa siku nyingine.

— Sikilizeni, akasema Valentino, amesimama sasa, kikombe kinamwagika. Zile rimu ni pacha. Baba mmoja, mama mmoja, Fuso moja. Ukipiga ya chini, ya juu inatetemeka. Ikitetemeka, mti unatetemeka. Mti ukitetemeka, udongo... Hiyo ni sayansi, Digrii, resonance, usijidai huijui!

Jafari akakiweka kikombe chini taratibu.

— Kwa hiyo mimi ndiye nimemuua Bibi Raheli?

— Sijasema hivyo.

— Umesema nini, Injinia? Rudia mbele za watu.

Valentino akarudi kukaa. Huko ndiko nadharia zilikokuwa zinatupeleka: popote pale, ilimradi tusifike ndani ya banda. Ngoja nipafike mimi. Ile rimu ya mparachichi ililia, tena ililia sana. Jafari mwenyewe aliisikia, na kwa kuwa jukwaani hakuna kinachomshinda, akasema kwenye maiki, "Papa ana kaka yake huko juu!" Banda zima likalipuka. Mimi nilikaa mstari wa mbele. Niliona mikono yake haijagusa chuma. Niliona, nikapiga makofi. Mimi yule yule niliyesimama kwenye mkutano wa kijiji wakati wa vuli nikawachorea ufa kwa kijiti, nikawaambia, jamani, huu udongo utashuka. Wakaja wataalamu na gari jeupe, wakapiga picha, wakaahidi king'ora cha umeme. Tangu siku hiyo kila tukiuliza tunajibiwa kipo kwenye mchakato. Sasa wakubwa wanahitaji jina moja la kuandika, na sisi arobaini tumewaachia la Hassani, kwa sababu nani atasimama ofisini aseme tulisikia tukashangilia?

Hapo ndipo akatokea mwanamke mwenye bahasha mkononi. Yusra, mke wa Hassani, binti wa Mazinde kule tambarare. Kijiweni kwetu hajawahi kusimama hata siku moja.

— Shikamoo, baba Mosi.

— Marahaba, mwanangu. Onga mshi, akaongeza salamu ya alasiri ya Kisambaa.

— Mshi. Shemeji zangu, habari za hapa?

— Nzuri, shemeji, tukajibu kwa pamoja, waongo wote.

— Kaa upate kahawa, akasema Valentino, akifuta benchi kwa kiganja.

— Sikai. Hassani ametangulia ofisini. Mikono yake imevimba tangu Alhamisi, kijiko hawezi kushika, namlisha mimi. Na hii barua inasema hakupiga.

Akaishika bahasha kwa mikono miwili.

— Nauliza neno moja tu, kisha niondoke. Mlisikia?

Valentino alikuwa anakwangua grisi kwenye kucha iliyokwisha kuwa safi. Mzee Mosi aliinamisha birika juu ya kikombe changu, likatoa masimbi ya kahawa tu, na akaendelea kuliinamisha. Yusra alitutazama mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayetafuta sura aliyoagizwa. Akaifunga kanga yake vizuri akashika njia ya ofisini.

Nikainuka nikamfuata. Jafari naye akanyanyuka. Wengine sijui.

Sasa ninyi mtakaokaa nyuma ya ile meza saa kumi, na ninyi mliokuja na gari jeupe, haya yangu nimeyaandika hapa mlangoni mwa ofisi, nikayasaini kwa jina langu kamili, si la kijiweni. Futeni neno "hakupiga". Andikeni kwamba Hassani alipiga mpaka mikono ikamvimba, kwamba watu arobaini walisikia wasitoke, na sisi mtuite mmoja mmoja tuhojiwe. Kisha geuzeni karatasi, mjieleze na ninyi: king'ora kiko wapi? Bado kuna nyumba kumi na moja chini ya ufa, na masika haijaisha. Kileteni wiki hii. Na jioni hii hii mwacheni Hassani arudi nyumbani na mke wake.