Molekuli Iliyokatika Gehandu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri, viongozi wa mkoa na wilaya, wazee wetu, shikamooni, wageni wote.

Sisi wafanyakazi wa Maabara ya Molekuli, Gehandu, tunakukaribisha kwa furaha. Utuwie radhi, tunasoma bila kipaza sauti. Sababu utaisikia.

TULIKOTOKA

Jengo hili lilikuwa ghala, likaachwa tupu shamba la ngano lilipobinafsishwa. Mkuu wetu, Dkt. Paskalina Margwe, mzaliwa wa Endasak, alilichagua kwa kuwa palikuwa kimya. Alirudi kutoka masomoni ng'ambo baada ya mikono ya baba yake kuanza kutetemeka, mzee akawa hawezi kushika kikombe cha chai. Ugonjwa huo unahusishwa na protini inayojikunja vibaya mwilini. Dkt. Paskalina anataka kujua inakosea wapi.

MAFANIKIO

Kwa mwanga wa leza tunashika molekuli moja tu, ya protini au ya DNA. Tunaivuta taratibu ikunjuke, kisha tunailegeza tuone inavyojikunja; mtikisiko au kelele kidogo tu huweza kuikata. Mwezi uliopita, baada ya kushindwa mara nyingi, tuliiona protini ile ikienda kombo mbele ya macho yetu. Dkt. Paskalina alishika kioo cha kompyuta kwa mikono miwili. "Hapo! Imekosea hapo!" Ikabaki kurudia ili kuthibitisha.

CHANGAMOTO

Siku ya kurudia, ulifika msafara wa kukagua maandalizi ya ziara yako, ukiongozwa na afisa itifaki, Bwana Hermani. Tunashukuru pia kwa greda. Barabara hii haikuwahi kuchongwa tangu Mkoa wa Manyara uanzishwe, ikachongwa asubuhi hiyohiyo, chini ya dirisha letu.

Bwana Hermani aliuliza, "Hiyo molekuli iko wapi?"

"Ipo hapa, ila haionekani kwa macho," alijibu Dkt. Paskalina.

"Sasa Mheshimiwa atapigwaje picha nayo? Na mbona ni moja? Ziara ikifika ziwe angalau hamsini."

Akatoka nje kujaribu spika. "Haloo! Haloo! Moja, mbili!" Mstari unaoonyesha mvuto wake kwenye kompyuta ukaruka, molekuli ikakatika. Dkt. Paskalina hakugombana na mtu. Alikwenda kukaa juu ya jiwe nyuma ya jengo, akalia. Bwana Hermani alimpa pole kupitia kipaza sauti, akamshauri aifunge molekuli fundo.

Kesho yake alianza upya. Mheshimiwa, alfajiri ya leo ameshika nyingine, inaendelea vizuri, ndiyo maana humwoni hapa mbele. Anakusalimu sana. Tumekubaliana kutomwita.

MAOMBI

Tunaomba umeme wa uhakika. Tunaomba ukaguzi ufanywe na watu wachache, wanaotembea kwa miguu. Ukipenda kuona kazi yetu, tunaomba uingie peke yako, uvue viatu, ukae kwenye stuli iliyo kushoto kwa Dkt. Paskalina, usiulize kitu mpaka yeye aseme.

Ratiba ina mabadiliko madogo. Kwaya, ngoma, spika, chakula na Bwana Hermani vimeshatangulia Endasak, na dereva wako ameonyeshwa njia.

Mwenyezi Mungu akutunze katika kazi zako na akufikishe salama huko unakosubiriwa.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Maabara ya Molekuli, Gehandu.
Imesomwa na Letisia Gidabuday, fundi wa maabara.