Raundi ya Saba Sikuinuka

Mi-ok, funga huo mlango, yule bwana wa halmashauri aliyekaa nje na karatasi zake za sanamu asitusikie. Nawe Sang-hun, weka simu chini. Sikilizeni wanangu, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema neno mara mbili.

Mji huu wa Masan unanijua mimi, Pyo Jong-taek, kwa mambo mawili: nilikuwa bingwa wa dunia, na nilikuwa mwoga. Yote mawili yalisemwa na watu wale wale. Sasa nakufa, wanataka kunisimamisha sokoni nikiwa shaba. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hawa nawajua walikuwa wapi.

Mkanda wa ubingwa wa ndondi niliupata Seoul, kwa kumpiga Im Chil-bok, kijana wa Mokpo. Raundi ya kumi na mbili mikono yake ilishuka, macho yakanitazama bila kuniona, nikasita. Ami yenu Jong-man, aliyekuwa mwalimu wangu, akanipigia kelele kutoka kwenye kona: “Mmalize! Unangoja akuombe radhi?” Nikammaliza. Alikufa siku ya nne. Siku ya tano Masan ilinipandisha kwenye gari la wazi, wanawake wakanirushia maua, na jina la marehemu halikutajwa na mtu, nami nikipunga mkono.

Msiba ulipotulia nilikwenda Mokpo kwa mama yake, nikitaraji anilaani. Akaniandalia wali na supu ya figili.

“Umekula?”

“Bado, mama.”

“Kula basi. Chil-bok alishinda njaa mwezi mzima apunguze uzito. Sitaki mwingine aondoke kwangu na njaa.”

Nilipomtolea ule mkanda akausukuma kando: “Wa nini? Nimfunge nani?” Nimepigwa na wanaume wa nchi nyingi, wanangu, lakini sijawahi kupigwa vile.

Miaka miwili baadaye nikapambana na Mjapani, Kurata, na ukumbi mzima ulikuja kutazama kisasi cha mababu zetu waliotawaliwa na Wajapani, si ndondi. Raundi ya sita macho yake yakageuka kama ya Chil-bok. Mwamuzi aliona, akatazama pembeni. Kengele ikatuachanisha, nikakaa kwenye kigoda changu, na ilipolia ya saba sikuinuka.

“Inuka,” Jong-man akasema.

“Mkono umevunjika.”

“Haujavunjika.”

“Sema umevunjika, kaka. Nakuomba.”

“Nitakachosema ni kwamba mama yetu alizaa mwoga.”

Na kweli akasema hivyo, mbele ya waandishi wote. Daktari akaupima mkono, akaukuta mzima. Wakanitupia maganda ya machungwa, wakavunja madirisha yetu. Mama yenu akienda kununua kabichi sokoni wakimwigia mlio wa kuku, na wewe Mi-ok shuleni wakikuita binti wa kigoda. Nilipoua walinibeba, nilipomwacha mtu hai walinitemea mate. Na Kurata mwenyewe hakujua. Mpaka leo huwaambia watu wa magazeti kwamba nilimkimbia. Shukrani ya punda ni mateke. Jong-man alipokufa sikwenda kumzika, nikawaambia sijuti. Nilidanganya.

Lakini msinifanye mtakatifu. Sang-hun, ulikuwa na miaka kumi uliponiuliza mezani, “Baba, ni kweli uliogopa?” Mkono ule ule niliomnyima Kurata nikakupiga nao sikioni, na sikio hilo halisikii hadi leo, nawe huwaambia wanafunzi wako uliumia mazoezini. Nilimhurumia mgeni, mwanangu sikumhurumia. Hilo nalo watalichonga?

Najua unaitaka sanamu, ukumbi wako wa mazoezi ujae watu. Sitaki. Shusha jina langu pale mlangoni, weka lako, wewe hujaua mtu. Muhuri wangu, ulio sahihi yangu, umo kwenye koti. Mi-ok, uvunje leo hii, bwana yule asije akaupata nikishafumba macho. Nyumba ni yako, uliyeniuguza miaka sita. Mkanda mpelekeeni mnunua vyuma chakavu. Na kila mwaka, ikifika siku aliyokufa Im Chil-bok, mwandalieni meza ya marehemu, wali na supu ya moto, kwa kuwa hakuacha mtoto, na mama yake, aliyekuwa akimwandalia, naye hayupo tena. Mkiulizwa yeye ni nani wenu, semeni ni ndugu. Msieleze zaidi.

Nipe maji… kidogo tu. Basi.

Wazee wetu waliotangulia wawaangalie. Mi-ok, upate kulala usingizi, mwanangu, umekesha mno… Watoto wenu wawaulize lolote, nanyi muwajibu. Sang-hun… zunguka kitanda. Njoo upande huu, wa sikio linalosikia… nataka neno hili ulipate… Nisamehe. Na… ndiyo, mwanangu. Niliogopa.