Mama Donatha na Ndimi za Rubavu

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya kuchungulia vinywa vya watu, Bi Donatha Mukundwa, muuguzi mkuu wa kitengo chetu cha kinywa na meno, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Sisi tunamwita Mama Donatha. Hakuna mfanyakazi wa kliniki hii, mkurugenzi akiwamo, ambaye hajawahi kuamriwa naye kutoa ulimi nje katikati ya korido, na hakuna aliyethubutu kukataa.

Alirudi Rubavu kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1995, akaajiriwa hapa Februari iliyofuata. Kwa miaka mingi alipanda milimani Bugeshi kupima meno ya watoto wa shule, akirejea na matope hadi magotini na viazi alivyopewa na wazazi. Yeye na kompyuta hawakuelewana hata siku moja. Lakini kazi tutakayomkumbukia zaidi ilianza mwaka 2017, siku alipoingia dada mmoja, Illuminée, amejifunika mdomo kwa kitenge.

Illuminée alikuwa mwimbaji wa kwaya kule Kanama. Siku tatu kabla alikuwa ametobolewa ulimi katika saluni moja ya Nengo, na kwa kuwa mtoboaji hakuwa na kipini cha ulimi, alimwekea cha sikio. Ulimi ulipovimba, kipini kile kifupi kikazama ndani ya nyama. Hakuweza kusema, na hata mate yalimshinda kumeza. Mama Donatha alijua hatari yenyewe: uvimbe ukishuka chini ya ulimi, njia ya hewa inaweza kuziba. Akaagiza gari likae langoni tayari kwa safari ya hospitali, akasaidiana na daktari wa zamu kukitoa kipini, kisha akakaa kando ya mgonjwa kwa saa tano nzima akihesabu pumzi zake. Neno la kwanza lililomtoka Illuminée lilikuwa: "Mama, pardon, usiambiye mama yangu."

Kikao cha wafanyakazi kilichofuata kilikuwa cha moto. Mwandishi wa maneno haya alikuwa ameshaandika barua ya kuomba saluni ile ifungwe, akaisoma kwa sauti ya kujiamini sana. Mama Donatha alisikiliza hadi mwisho. "Bon," akasema, "mukimufungia, ataenda kutobolea batu ku nyumba yake, mu giza. Mi naenda kumufundisha."

Alipokwenda mara ya kwanza, mwenye saluni na mtoboaji wake, Wellars, alificha vyombo. Mara ya pili akatoroka kwa mlango wa nyuma. Mara ya tatu Wellars alifika kazini akamkuta Mama Donatha ameketi kwenye kiti cha wateja, mapajani ana beseni lenye ulimi wa ng'ombe kutoka buchani. Aliupasua mbele yake. Akamwonyesha kwamba ulimi ni misuli mingi iliyosukwa pamoja, kwamba katikati una ukuta mwembamba wenye damu kidogo, na kwamba kushoto na kulia hupita mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu. Kwa hiyo kabla ya sindano, ulimi huinuliwa na kumulikwa chini. Wellars alikiri kwamba alikuwa ametoboa ndimi arobaini bila kuchungulia chini ya hata mmoja.

Ndivyo lilivyoanza somo la Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, na saluni sita zimelipitia. Sindano ni mpya kwa kila mtu. Bunduki ya kutobolea masikio haigusi ulimi. Kipini cha kwanza huwa kirefu ili kuuachia uvimbe nafasi, kifupi huja baada ya kupona, na mteja huambiwa wazi kwamba hata hapo chuma kinaweza kuvunja meno na kula ufizi. Mama Donatha mwenyewe hakupenda ndimi zilizotobolewa, na hakuficha. Mlinzi wetu Sebahire aliuliza kila mwezi kama ule ulimi wa beseni haufai kwa mishikaki. Kila mwezi alijibiwa kwa jicho kali.

Mwezi uliopita uongozi ulitangaza kwamba hakuna mtu wa kurithi somo hilo. Kwa mara ya kwanza tulimwona Mama Donatha akilia kazini. Tangu Illuminée hatujapokea mgonjwa wa namna ile kutoka saluni alizozifundisha, na aliogopa kwamba akiondoka yote yataanza upya. Alifuta macho, akachukua simu.

Alhamisi yake ya mwisho, aliyesimama nyuma ya beseni alikuwa Wellars. Alifundisha vizuri, tena kwa ukali. Ilipofika zamu ya kuonyesha mishipa ya chini ya ulimi wa mtu, akaangaza macho chumbani, akaniita mimi, mwenye ile barua. Nilikaa kwenye kiti, nikafungua mdomo, nikainua ulimi, naye akamulika. Mama Donatha alicheka hadi akashika ukuta.

Mama yetu, asante kwa ukali wako na kwa ubishi wako. Mungu akupe afya, asubuhi zisizo na haraka, na wajukuu wanaokubali kupiga mswaki. Alhamisi ya Julai Wellars ana wanafunzi tisa, na ameapa kwamba hatakupigia simu kuomba msaada.

Ndahiro, Masjala