Marlys Oftedahl na Uniti Tatu Zilizopungua

Ijumaa ya tarehe 30 Mei 2025, Marlys Oftedahl, mshauri wa masomo na kazi katika Idara ya Saikolojia ya Chuo cha Tamarack Falls, anastaafu baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na minne. Ofisi ya Utumishi inasema ni thelathini na mitatu na miezi tisa. Mwenyewe anasema ni thelathini na minne na hataki mjadala. Nimeandika alivyotaka yeye, kwa kuwa kuna mambo mengi katika wasifu huu ambayo sina uhakika nayo, na nilitaka angalau moja lisimame imara.

Nimepewa kazi hii kwa sababu meza yangu imekuwa kando ya yake kwa miaka ishirini na miwili, na mkuu wa idara akadhani kwamba basi namjua. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka wiki mbili zilizopita.

Marlys alikuja Agosti 1991 kushikilia nafasi ya mtu aliyekwenda likizo ya uzazi. Mwenye nafasi hakurudi, naye hakuondoka. Wakati huo wanafunzi wa saikolojia walikuwa sabini. Leo ni mia nne na kumi na wawili, na kila mmoja wao, muhula unapokaribia, hukuta usajili wake umefungwa mpaka aonane na mshauri. Idara nyingine hufungua kufuli hilo kwa kubonyeza kitufe huku mtu anakunywa kahawa. Marlys hafungui mpaka umekaa.

Karibu kila anayeketi mbele yake husema, "Nataka kusaidia watu." Naye hujibu, "Watu gani? Saa ngapi? Ukiwa umekaa au umesimama?" Wengi hutoka wamechanganyikiwa kuliko walivyoingia, na wapo wazazi waliopiga simu kulalamika. Lakini binti mmoja aliyegundua kwamba hawezi kukaa ndani siku nzima sasa anafundisha mbwa wa kuongoza vipofu. Mwingine alikuja akiota kuwachunguza wauaji, kama wanavyoota nusu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akabaini kwamba anachopenda hasa ni majedwali. Leo anatafiti kwa nini watu hununua uji wa boksi jekundu wakaacha wa boksi la buluu, na ana furaha kupita kiasi. Waliokuwa wakikimbia somo la takwimu, Marlys aliwasindikiza darasani yeye mwenyewe, akakaa kiti cha nyuma akifuma soksi mpaka kipindi kiishe.

Mimi pia niliwahi kuketi mbele yake. Mwaka 2003 nilikuwa namaliza shahada ya kwanza, na nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea udaktari wa saikolojia ya tiba huko Wisconsin, masomo yaanze tarehe 2 Juni. Baba alikuwa ameshautangazia ukoo wetu mzima wa Moua mjini St. Paul kwamba daktari amepatikana. Marlys akaniuliza, watu gani, saa ngapi. Nikababaika. Akanitazama, akasema, "Haya," akafunga faili.

Jumanne ya tarehe 13 Mei, siku nne kabla ya mahafali, aliniita. Nilikuwa nimesoma takwimu katika chuo kidogo cha miaka miwili, kisha nikazisoma tena hapa, na somo hilo moja Marlys alikuwa amelihesabu mara mbili. Nilipungukiwa na uniti tatu za kuhitimu. Nafasi ya Wisconsin haikuweza kusubiri darasa la kiangazi, ikaenda kwa mwingine.

Jumamosi nilipanda jukwaani na joho langu kama wenzangu, nikapewa jalada tupu kama wenzangu, maana vyeti vyote hutumwa baadaye kwa posta. Ndugu thelathini na mmoja walipiga makofi. Baada ya hapo Marlys alimfuata baba yangu kwenye maegesho, mama akiwa anagawa vitafunwa, akamwambia mbele ya wote, "Kosa ni langu, si la mwanao."

Baba akauliza, "Sasa mtoto atafanya nini?"

"Nina kazi ya mafaili hadi Agosti. Aje kwangu."

Nilikwenda, na sijatoka hadi leo.

Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiwasimulia wanafunzi kwamba Marlys alisoma moyo wangu. Nilikuwa siutaki udaktari ule na sikuwa na ujasiri wa kumwambia baba. Niliamini kabisa kwamba mama huyu aliliona hilo siku ile ya kubabaika kwangu, akaenda kuchimbua mafaili mpaka akanipatia sababu ya kubaki. Kila mwezi Mei aliniokea pai ya tufaha, nami nikala nikijua tunasherehekea.

Wiki mbili zilizopita, tukiondoa vitu kabatini mwake, nilikutana na faili langu. Ndani mlikuwa na karatasi yenye mwandiko wake: "Kosa langu. Nimemharibia kijana wa watu maisha yake."

Nikamwonyesha. "Marlys, kwani hukujua?"

"Kujua nini?"

"Kwamba nilikuwa sitaki kwenda."

Akaketi juu ya boksi. "Hukutaka?"

"Hata kidogo."

"Na vile vipeperushi vya vyuo vya uzamili nilivyokuwa naweka mezani kwako kila Septemba?"

"Nilidhani ni vya wanafunzi! Niliwagawia. Kumi na mmoja wamepata nafasi."

"Pheng! Vilikuwa vyako!"

"Na pai je?"

"Nilikuwa naomba radhi, wewe mtu! Ishirini na mbili nimeoka! Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Mwanamke aliyewahoji maelfu ya vijana hakuwahi kumhoji jirani wa meza yake, na jirani huyo hakuwahi kusema neno. Wote wawili tumesomea saikolojia. Tulicheka mpaka mkuu wa idara akaja kuchungulia, kisha Marlys akalia, na mimi nikashindwa kujua nishike mkono wake au nitafute leso.

Mpaka sasa sijui nishukuru nini hasa. Sikuonwa, kumbe. Hesabu ilikosewa tu, na kosa hilo likanipa kazi ninayoipenda. Nilimuuliza kama naruhusiwa kuandika haya. "Andika," akasema, "ila usinifanye mtakatifu."

Basi nasema wazi, mbele ya wote wanaosoma ukurasa huu. Marlys, kwa niaba ya idara, na ya wote uliowachanganya kwa faida yao, asante sana. Uende kwenye ziwa unalolipenda na soksi zako, upumzike, ulale mpaka utakapochoka kulala. Jumatatu nitakaa kwenye kiti chako, na sijui nitamwambia nini mwanafunzi wa kwanza. Lakini hili moja nalijua, na nataka uondoke nalo: mimi hukuniharibia kitu.

Pheng Moua
Ofisi ya Ushauri, Idara ya Saikolojia